Sidiria za Gredi F

Sikumsamehe binamu yangu, na ninapoandika haya bado sijamsamehe. Anayetafuta habari za watu kupatana atafute msimulizi mwingine.

Ni binti wa mjomba wangu. Tumezaliwa mwaka mmoja, tumekulia mtaa mmoja hapa Kibaoni, na kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakuvua kanga begani akaondoka nayo, akakucheka hata ukiwa msibani, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mkosaji ni wewe. Unachoruhusiwa ni kucheka na kungoja zamu yako. Mimi nilicheka na kungoja kwa miaka mingi, na sikumbuki hata mara moja niliyocheka kwa moyo.

Binamu anauza sidiria za mtumba sokoni Ifakara. Ana turubai, ana kamba aliyoifunga kati ya nguzo mbili, na ana sauti. Wauza mitumba wote wanaongea lugha ya gredi: belo la gredi A ni nguo safi kabisa, gredi B zimechoka kidogo, na kushuka huko chini ni matambara. Sasa kwenye sidiria yeye alikuta kila kibandiko kina namba na herufi, akaamua kwamba namba ni ukubwa na herufi ni gredi. Zenye A alizitundika kwenye kamba zipepee, na yeye mwenyewe hakuvaa nyingine. Zenye B na C alizipanga juu ya turubai. Kuanzia D kwenda mbele alizirusha kwenye fungu la pembeni, pamoja na soksi zilizopoteza wenzao. Mteja akiziulizia, alisema, "Hizo ni F, zimefeli. Hata huko Ulaya walizikataa." Mafundi baiskeli ndio waliokuja kuziokota, wachomoe waya wa ndani. Hakuna aliyembishia, na mimi mwalimu wa shule ya msingi, ninayegawa A na F kila muhula, niliona ni jambo linaloeleweka kabisa.

Mimi nina mgongo mwembamba na kifua kikubwa. Mama yangu alikuwa hivyohivyo, na alimaliza maisha yake akijifunga kanga. Siku niliyomwendea binamu ilikuwa Jumamosi, soko limefurika, watu wa Chita wameleta mchele, wafugaji na wake zao wamekuja kununua mahitaji. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba nataka sidiria ya kunikaa vizuri, niache kujibana kwa kiwiko ninapoandika ubaoni. Aliruka akasimama. Alichukua kubwa kuliko zote, akaizungusha juu ya gauni langu mbele ya vijana wa bodaboda, akapaza sauti:

"Jamani, pisheni njia! Mwalimu ni arobaini na mbili! Huyu si wa sidiria tena, huyu ni treni ya mizigo. Leteni mabehewa!"

Watu walicheka mpaka kule kwenye samaki. Nilicheka na mimi, kwa sababu ndiyo sheria yetu. Nikaondoka na 42B mkobani, na jina juu yake. Kuanzia wiki ile bodaboda wa pale kona waliniita Mwalimu Mabehewa, kisha wazazi nao wakalidaka. Asubuhi moja niliingia darasa la sita nikalikuta limeandikwa ubaoni, kwa mwandiko mzuri ambao niliufundisha mwenyewe. Nililifuta, nikafundisha sehemu na desimali, na saa ya mapumziko nikaenda kulia chooni.

Nilipomweleza mume wangu, alisema, "Ni mtani wako, utamfanyaje?"

Sidiria yenyewe ilikuwa adhabu. Mkanda ulikuwa mrefu mno kwa mgongo wangu, ukapanda nyuma kuitafuta shingo. Mbele waya uliyakalia matiti badala ya kuyabeba. Kamba za mabegani nilizivuta mpaka mwisho ili walau kitu kisimame, zikanichimba mifereji. Shambani, wakati wa kupandikiza mpunga, nilitafuta visingizio ili nisiiname na wenzangu. Halafu ikafika harusi ya mdogo wangu, nikajisahau, nikacheza. Mikono ilipopanda, sidiria nayo ikapanda, na kifua chote kikabaki chini yake. Binamu alikuwa amekaa mbele. "Yameacha reli!" alipiga kelele. "Mabehewa yameacha reli!" Niliketi, na tangu siku ile sikucheza tena mahali popote.

Kwa hiyo binti yangu alipochumbiwa na kijana wa Mang'ula, na kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ikaanza kukutana kwetu, wenzangu walijadili pilau na mapambo, mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Kwenye sendofu mama wa binti haingii ukumbini kwa kutembea. Anaingia akicheza, mikono juu, wanawake wa ukoo na wa kamati nyuma yake wamebeba zawadi, na binti anamtazama kutoka kwenye kiti chake. Mlangoni anasimama mtani, mwenye haki ya kuzuia msafara mpaka aridhike. Atakayesimama mlangoni kwetu, kila mtu alimjua. Binti yangu alinifuata jikoni akasema polepole, "Mama, kama hutaki kuingia ukicheza, mama mkubwa anaweza kuingia badala yako."

Mtoto niliyemzaa alikuwa ananionea huruma kwa ajili ya sidiria. Niliendelea kumenya vitunguu nikamjibu kwamba mama yake yupo na ataingia mwenyewe. Kisha nilienda chumbani nikakaa kitandani na simu, nikatafuta jinsi ya kuchagua sidiria.

Kwenye video mama mmoja wa Kizungu alijizungushia futi ya fundi cherehani chini ya matiti, siyo juu yake. Namba, alisema, inatoka hapo. Ni habari ya mkanda wa mgongoni tu. Kisha akapima pale kifua kilipojaa zaidi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayotoa herufi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Herufi si gredi. Herufi ni ujazo wa kikombe! A ni kikombe kidogo, F ni kikubwa. Nilijipima: chini thelathini na nne, juu ikaangukia F. Binamu alinitangaza treni sokoni huku saizi yangu imelala miguuni pake ikimsubiri fundi baiskeli.

Nilimfuata kesho yake nikiwa nimevaa uso wa kijinga.

"Shikamoo treni," alinisalimu.

"Marahaba," nilijibu. Nikamwambia nalitaka lile fungu la F kwa ajili ya somo la kazi za mikono, wanafunzi washonee wanasesere. Alicheka akajishika kiuno. "Chukua lote, binamu. Na belo jingine likija, nitakuwekea." Na kweli aliniwekea, kwa mikono yake mwenyewe.

Nilifunga mlango wa chumbani nikavaa 34F. Ilikuwa ya rangi ya udongo, haina urembo wowote. Mkanda ulikaa chini ya mabega ukatulia palepale. Waya ulilala kwenye mbavu. Niliinua mikono, haikupanda. Niliruka, hakuna kilichotoka. Kwenye kioo alisimama mwanamke wima, na badala ya kufurahi nilishikwa na hasira. Nilifikiria mgongo wangu nilioupinda bure, na mama yangu na kanga zake, na yule mtu aliyekuwa akikanyaga dawa yetu kila siku huku akitupachika majina. Hapo niliacha kutaka kucheza tu. Nilitaka alipe.

Niliwaita wanawake wa kamati mmoja mmoja chumbani, eti nawapima sare. Niliwapima kweli, sare na kifua pia, na kila mmoja nikamchagulia yake kwenye lile fungu. Jirani yangu, aliyezoea kujifunga kanga chini ya gauni, alivaa yake, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akaguna: "Kumbe huyu mwanamke anatuvisha nguo za watu wengine." Nikawaeleza habari ya gredi. Walicheka, halafu walikasirika, na nilipowaomba wasiseme neno hawakusema, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na jina lake alilopachikwa pale kwenye turubai.

Siku ya sendofu binamu alisimama mlangoni, miguu ameitanua, kitenge kimembana, upawa mkononi. Muziki ukakatwa. Alimpokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Treni ya mizigo imeingia stesheni! Shikeni watoto! Hapiti mtu hapa mpaka nione mabehewa yakicheza."

Ukumbi uliangua kicheko. Kule mbele nilimwona binti yangu ameinamisha uso.

Niliinua mikono yote miwili, nikaanza. Nilicheza ngoma yetu ya sangula kama nilivyoicheza usichanani, nikainama, nikainuka, nikaruka, nikamzunguka binamu nikarudi mbele yake. Kifua kilikaa mahali pake. Nyuma yangu wanawake wa kamati walicheza vilevile, wanene kwa wembamba, hakuna aliyejibana kwa kiwiko. Vigelegele vilipanda. Binti yangu alisimama akapiga cha kwake, jambo ambalo bi harusi mtarajiwa hapaswi kulifanya, na alikuwa analia. Binamu aliushusha upawa. Alinitazama kifuani jinsi anavyotazama mali, akijaribu kuelewa.

Ningeweza kupita, maana njia ilikuwa wazi. Lakini zamu yangu ilikuwa imefika. Nilitoa futi mkobani nikamzungushia chini ya matiti kabla hajajua anafanywa nini. Alipotaka kurudi nyuma, wanawake walikuwa wamekwisha kumzingira. Nilichukua kipaza sauti.

"Jamani, mwenye duka la sidiria mwenyewe huvaa gredi A tu. Tumpime tuone kama amefaulu!" Nikasoma kwa sauti: "Chini, thelathini na sita." Nikapandisha futi. "Na juu... E! Binamu yangu ni E! Kumbe naye ni wa kutupwa kwenye fungu la soksi!"

Wanawake wa kamati walianza kucheka, na wasioelewa walieleweshwa palepale, meza kwa meza, mpaka ukumbi mzima ukajua kwamba muuza sidiria hajui kusoma sidiria. Mtu mmoja kule nyuma akaita, "Gredi E!" na wengine wakadakia. Binamu alicheka. Ilimbidi acheke, kwa sheria ileile. Alicheka kwa mdomo tu, macho makavu, na nilikitambua kicheko kile maana kilikuwa changu. Nilisikia raha ambayo sikuisikia hata siku ya ndoa yangu.

Watu walipokuwa wanakula, alinifuata nyuma ya ukumbi kwenye masufuria. Alikuwa peke yake. Alisogeza kitenge begani, akavuta kamba ya sidiria pembeni, nikaona mfereji mwekundu, umechubuka, una kina kuliko niliowahi kuwa nao mimi. Katika kila belo alijichagulia alichoamini ni bora kuliko vyote, na kilikuwa kinamkata.

"Dada," alisema. Hajawahi kuniita dada maishani mwake. "Zile za E bado unazo? Hata moja. Mabega haya yananiuma mpaka silali."

Ningeweza kumjibu kwa utani naye angecheka, tungeishia hapo. Nilimjibu kwa upole.

"Zimekwisha," nilisema. "Watoto wameshashonea wanasesere."

Aliitikia kwa kichwa, akairudisha kamba begani, akachukua bakuli la kachumbari akalipeleka ndani.

Ilikuwepo moja. Nyeusi, 36E, waya mzima, haijapauka. Niliikuta kwenye fungu la pili alilonipa, nikaiweka kando siku ileile, maana nilikwisha kumkadiria kwa macho na nilijua ni ya kwake. Ipo kabatini kwangu, chini ya mashuka. Siku hizi sokoni E na F zinaning'inia kwenye kamba na wanawake wanazigombania. Nasikia belo likifunguliwa anaanza kwa kujitafutia mwenyewe, na kwamba ya saizi yake bado haijatokea. Mimi kila nikifua naitoa, naifua kwa mkono, naianika ndani, ikikauka nairudisha.