Majani ya Maboga

Juzi sokoni Mikumi mzee mmoja alisimama mbele ya dada muuza mboga, aliyezoea kumuuzia mkewe, ameshika fungu la majani ya maboga kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, marehemu mke wangu alikuwa anayapikaje haya?"

"Rahisi tu, baba. Menya nyuzi, kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, mwishoni karanga za kutwanga. Moto mdogo."

Mzee akameza mate. "Yalikuwa matamu sana."

Dada akaacha kunyunyizia mboga maji. "Mbona mama alisema kila akikupikia unamuuliza kama wewe ni mbuzi?"

Mzee akalipa, akaondoka bila kuaga.

Kumbe wanaume tunajua kusifu mapishi. Tunasubiri tu mpishi azikwe.