Neno la Mvua la Mke wa Jirani

Mvua kubwa ikianza hapa Erdington, ughaibuni, hutoka nje uani nikavua kofia, nikaacha matone ya mwanzo yanilowanishe kichwa. Ni sunna niliyofundishwa chuo cha Kurani, Unguja, nikiwa mdogo: mvua ni rehema, ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake.

Jirani yangu, mzee kutoka Skotlandi, aliponiona mara ya kwanza alichungulia juu ya ua wa mbao. "Jirani, kwako hakuna bafu?"

"Liko. Ila halina baraka hii."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwao mvua ya namna ile, inayopiga chini ikaruka juu tena, huitwa "stoating". Mkewe, mzaliwa wa huku Midlands, akapaza sauti kutoka jikoni: "Usimpotoshe mtu wa watu! Hiyo ni 'plothering'!" Kila mvua wakabishana hivyo, nami katikati yao, nimelowa chapachapa, namshukuru Mungu kwa majirani.

Mke akafariki. Mvua kubwa ya kwanza baada ya mazishi, jirani alitoka, akatazama juu, akasema taratibu, "Plothering." Tangu hapo sikulisikia tena neno la kwao kinywani mwake.

Mwaka jana kiharusi kilimnyang'anya sauti. Akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nami nikawa namtembelea kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa moja muuguzi akaninong'oneza kwamba hana siku nyingi. Nikamwomba Mungu jambo moja: asiondoke kabla ya kulitamka tena neno la mkewe.

Mvua ikashuka kwa nguvu. Nikafungua dirisha, nikatoa mkono ukalowa, nikampaka maji kiganjani.

"Stoating," nikamchokoza.

Akatikisa kichwa kidogo. Nikangoja. Midomo yake ikakutana, kama anayeanza lile la mkewe, ikabaki hapo. Ikatoka pumzi tu. Machozi yakamteremka, na mimi yangu sikuyazuia. Basi nikalisema kwa niaba yake, polepole. Akafumba macho, akanishika vidole.

Tulimzika kukiwa na jua kali.

Jana mvua ilinyesha. Nilivua kofia, nikaomba dua yangu, nikamshukuru Mola kwa miaka aliyotupa. Kisha nikageukia ua wa mbao, nikalitamka neno la mke wa jirani kwa sauti. Upande wa pili mpangaji mpya akafunga dirisha.