Fundi wa Kimironko aliyesoma hotuba yangu ya gusaba

Hadi sasa sielewi kama yule fundi ameniokoa au amenimaliza.

Jumamosi mdogo wangu anaenda gusaba, yaani kuomba mke. Mimi ndiye msemaji wetu. Wanaojua gusaba wanajua: wasemaji wa pande mbili wanategana kwa maneno na vitendawili mbele ya wageni wote, na ukishindwa, ukoo mzima unachekwa.

Maneno yangu yote yako kwenye laptop.

Leo asubuhi laptop ikagoma kuwaka.

Nikakimbia nayo Kimironko. Fundi akaichokonoa, akaniambia ina diski mbili. Kubwa inatunza mafaili. Ndogo kazi yake ni kuiharakisha kubwa, basi.

"Kubwa iko sawa, kaka. Ndogo ndiyo imekufa."

"Sasa mbona haiwaki?"

"Iko inangoja ile yenye imekufa."

Hapo nikapotea kabisa.

Akazitenganisha kwenye mipangilio, ikawaka. Akafungua hotuba yangu kuhakikisha ni nzima.

Akasoma. Akaendelea kusoma (nani alimwambia aendelee?). Alipofika kwenye majina ya maharusi, akacheka kidogo.

"Hii ni ya Jumamosi, pale Kibagabaga?"

"Umejuaje?"

"Bibi harusi ni mtoto wa shangazi yangu."

Nikaifunga laptop, lakini nilishachelewa.

Akanisindikiza hadi nje, akaniambia polepole: "Kile kitendawili cha tatu usikifute, kaka. Msemaji wetu hakiwezi."

Jamani, nisaidieni. Huyu ni shemeji ananionea huruma, au mtego umeshaanza?