Muziki wa Mzuka Kwenye Harusi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi likizo kutoka chuo Dodoma akiwa na albamu nzima kwenye simu. Alikuwa amerushiwa na msichana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja bwenini. Mimi nilikuwa na chumba changu cha kushonea pale Mwanga, nyuma ya soko. Akaingia, akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha.

"Dada, acha kwanza hiyo cherehani. Sikiliza hiki kitu."

Ulianza upepo. Ikafuata kengele ya kanisa, ikigongwa polepole kama ya msibani, halafu kinanda kizito, na nyuma yake fidla nyingi na kundi la wanaume wakiimba kwa sauti za chini kabisa. Nilipodhani nimeshauzoea, gitaa la umeme likaingia na ngoma juu yake, nikajikuta nimeshika mkasi kama mtu aliyevamiwa.

Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, kwa hiyo alinieleza. Albamu yote ni hadithi moja. Kuna jumba la mawe kilimani, ukungu mtupu, na bibi harusi aliyefariki siku ya ndoa yake. Mzuka wake hushuka ngazi na shela kichwani, akimtafuta bwana harusi vyumbani.

"Na akimpata?" nikauliza.

"Ngoja ufike wimbo wa mwisho."

Sikuwahi kusikia muziki wa namna ile. Kwetu nimekulia kwenye kwaya, na bendi za Kikongo zinazotoka ng'ambo ya ziwa. Lakini niliupenda siku ileile. Nilijaribu kushona nikiufuata, nikashindwa, maana unahesabu nne, nne, halafu ghafla ngoma inapiga tano na mguu wako unabaki hewani. Tulikuwa tunacheka mpaka uzi unakatika. Mara moja mteja aliyefuata gauni lake la kitenge alisimama mlangoni, akavua kandambili na kuuliza kwa upole, "Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Alipomaliza chuo akapata mchumba, mwalimu wa Kasulu. Harusi ikapangwa mchana, ili wageni wa Kasulu wawahi kurudi. Gauni nilishona mwenyewe, na nyimbo za ukumbini niliziweka kwenye flashi, flashi ileile niliyokuwa nimehifadhia albamu yetu. Nikampa fundi mitambo.

"Bibi harusi akifika mlangoni, weka ule wa kuingilia," nikamwambia.

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Sasa, wimbo wa kwanza wa albamu ile una jina la Kiingereza ambalo maana yake ni "Kuingia". Hilo sikulikumbuka hata kidogo. Nililikumbuka mlango ulipofunguliwa, watu wote wakasimama, na kwenye yale maspika makubwa ukavuma upepo.

Kengele ikagonga. Mama yangu, aliyekuwa meza ya mbele na vitenge vya sare, akageuka kunitazama. Mdogo wangu alikuwa mlangoni ameshika mkono wa mumewe. Niliona shela lake likitikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka. Kisha akajinyoosha, akainua kidevu na kuanza kutembea polepole sana, hatua moja kwa kila mlio wa kengele, kama malkia. Mumewe, ambaye hakuelewa lolote, akamfuata vilevile. Kinanda kilipoingia, watu wakanyamaza kabisa. Mchungaji alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nilikuwa nasukuma viti kwenda kwa fundi mitambo, kwa sababu nilijua kinachokuja. Baada ya kinanda kuna kimya kidogo, halafu mzuka unapiga yowe.

"Zima! Badilisha!" nikamwambia.

"Dada, tulia. Unaona watu wanavyofurahia?"

Kimya kikaja. Mdogo wangu alikuwa katikati ya ukumbi, amesimama, anasubiri. Naye alijua.

Yowe likatoka, jembamba, refu, la kupanda. Kabla halijaisha, mama mkubwa, dada yake mama, akaruka kutoka kwenye kiti chake na kupiga kigelegele kikubwa kulishinda. Alidhani ni kigelegele cha kwenye santuri, na hakubali kushindwa vigelegele harusini kwao. Kina mama wenzake wa Kibirizi wote wakamfuata. Gitaa likapasuka, ngoma zikaanza, na ukumbi mzima ukaingia katikati kucheza na maharusi. Zile ngoma za tano hazikumsumbua mtu. Kila mmoja alipokosea alirukaruka tu mpaka akaupata tena mdundo. Mdogo wangu alinivuta kwa mikono miwili, machozi ya kicheko yamemharibia poda yote.

Tulipokaa kula, mama akamwinamia. "Ule wimbo wenu mzuri. Unasemaje?"

"Unamhusu bibi harusi, mama."

"Nilijua tu," mama akasema, akaendelea na pilau yake.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alinipigia nimwekee wimbo ule kwenye simu yake. Nikampelekea Kibirizi kwenye mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, nikamkuta anaanika dagaa na wenzake. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akaudai. Nikafikiri ni haki yake kujua, nikamwambia yote, jumba, shela, na lile yowe ni la nani.

Akaanza kucheka, akawageukia wenzake na kuwasimulia kwa Kiha huku akishika kiuno. Wakacheka mpaka wabeba mizigo wakasimama kutushangaa.

"Masikini, marehemu," akasema, akijifuta macho. "Basi tulimsaidia kushangilia."

Nikamrushia wimbo, akaitumbukiza simu yake kwenye ndoo tupu ili sauti itoke vizuri, na upepo ukaanza kuvuma humo ndani. Nilimuuliza kama hauogopi.

"Niogope nini? Ni mrefu. Ukiuweka mara moja, unamaliza kuanika kichanja kizima." Akanisogezea beseni la dagaa, nami nikakunja mikono ya blauzi.