Osaka ku meza ya Papa

Mupaka leo, mutu akinitajia Osaka, kifua inaniwaka moto. Sijafika kule hata siku moja. Lakini najua ngome yake, munara wake wa chuma na mulango wa hekalu yake kupita vile najua magoti yangu.

Papa alikuwa karani mu biro moja ya Ibanda, mutaa wa bazungu. Mukubwa wake wa kazi, muzungu, alirudi safari ya mbali akamupatia kitabu ya picha za Osaka, ile banauzishaka batu banaokuja kutembelea muji. Papa aliileta kwetu Kadutu imefungwa mu gazeti kama nyama ya sikukuu. Kila jioni, kiisha kula, alikuwa ananisomesha maneno ya Kifaransa chini ya kila picha. Ngome iko na etaji nane, gorofa juu ya gorofa. Mu muto wa katikati ya muji, mashua zinapita mbele ya maduka. Nikikosea, tunaanza tena.

Ile ya ngome ndiyo alipenda. Ngazi zilikuwa zimejaa batu. "Angalia, maman," alikuwa ananiambia, vile baba anamuitaka binti yake. "Hii nyumba ilikuwa ya mukubwa wa vita. Sasa hata mulimaji anapanda mupaka juu, hakuna mutu anamuuliza karatasi."

Na sisi, karatasi ndiyo ilikuwa yote! Papa alikuwa ameomba karte, ile wakati wa ukoloni bazungu balikuwa banapatia mutu mweusi banayeona amestaarabika. Bila karte ile, singeingia mu masomo ya batoto ba bazungu kule Ibanda, na nilikuwa naitaka mupaka naiota. Na mbele ya kuipata, komisio inakuja kwako kupima maisha yako. Bazungu babili balifungua kabati yetu. Balihesabu kanya za kulia na visu. Baliinua mashuka ya kitanda ya maman yangu, banaangalia kama ni safi! Maman, mutu muzima, alisimama ku mulango mikono nyuma, kama mwanafunzi anangojea fimbo. Hasira ya siku ile haijapoa.

Kiisha bakaona kitabu. Papa aliiweka pale katikati ya meza makusudi.

"Sema, maman."

Nikasema yote kwa Kifaransa, bila kukwama. Bazungu bakacheka, bakapiga makofi. Papa akatoka jasho ya furaha. Mumoja akaniinamia akauliza: "Na wewe, ungetembelea wapi kwanza?"

"Ngome," nikajibu. "Ju kule hata mulimaji anapanda mupaka juu, hakuna mutu anamuuliza karatasi."

Kicheko ikakatika. Muzungu akamuangalia Papa, akaandika kitu. Na Papa yangu, mutu niliyemuheshimu kuliko bote, akainamisha kichwa: "Samahani, bwana. Mutoto hajui anasema nini."

Nilijua! Na yeye alijua kama ninajua.

Jibu ilikuja kiisha majuma kidogo: karte hapana, Papa bado hajakomaa. Hajakomaa, mutu wa mvi! Siku ile nilikataa kula. Nilikataa hata kumuangalia, ju nilimukasirikia yeye pia. Jioni akafungua kitabu, pale pa ngome.

"Sema, maman."

Nikamugeuzia mugongo.

"Sema. Na ile ya mulimaji pia."

Nikaisema kwa nguvu, machozi inatoka, mupaka majirani bakafungua milango.

"Nyamaza, batatusikia," maman yangu akasema.

"Acha basikie," Papa akasema.