Nyumba Niliyoipamba Iuzwe

Niliichukia nyumba ile, na wenyewe niliwachukia zaidi. Ilikuwa ya ghorofa mbili, Jeddah, yenye ukuta mrefu wa kuzuia macho ya watu na milango miwili ya mbele, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake. Miaka ile mawakala walikuwa wakisomba wasichana Mombasa mtaa kwa mtaa, nami nilikwenda kwa miguu yangu, hakuna aliyenisukuma. Mkataba ulisema miaka miwili. Ilipokwisha nikamfuata madam jikoni, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba halas, yamekwisha, mimi naenda kwetu.

Madam alikuwa anatafuna mbegu za tikiti. Akatema maganda kwenye kisahani nilichotoka kukiosha, akasema mafi, hakuna, bado. Baba, yaani mumewe, ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, na pasi yangu na karatasi zangu zote alikuwa nazo yeye. Kazini kwake walikuwa wamemhamishia Riyadh. Huko wangekaa kwa mama mkwe, nyumba yenye wafanyakazi wake tayari, kwa hiyo mimi hawakuwa na haja nami. Lakini hii ya Jeddah ilikuwa inauzwa.

"Nyumba ikiuzwa, baba atakutolea ruhusa ya kutoka, uende," akasema. "Kabla ya hapo nani atasafisha?"

Hebu ona roho ya mtu. Nyumba yake isipopata mnunuzi, mimi ndiye wa kufungwa.

Nami nilikuwa na haraka yangu. Binti yangu nilimwacha Kisauni kwa dada yangu, na dada sasa alikuwa ameposwa na mtu wa Tanga. Harusi ilipangwa baada ya Idi. Mume hakutaka kuanza maisha na mtoto asiye wake, na kusema kweli simlaumu. Nisiporudi kabla ya harusi, mtoto angechukuliwa na watu wa baba yake huko bara, na wale walishasema waziwazi kwamba wakimpata hawamrudishi. Kila Ijumaa, siku ambayo madam alinipa simu yangu, dada hakuniuliza hali. Aliniuliza, "Ishauzwa?" Nikisema bado, anavuta pumzi, halafu ananipa mtoto niongee naye.

Basi nikaipamba nyumba ile iuzwe. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii na kwa chuki namna ile.

Jeddah ina unyevu wa bahari unaokula kuta. Sebule ya wanawake ilikuwa na doa pembeni, kubwa kama sinia la pilau. Baba akaleta fundi rangi kutoka mtaa wa Ghulail, mtu mweusi mwenzangu ambaye hakuruhusiwa hata kuniangalia, akalipaka. Siku chache doa likarudi. Akapaka tena, likarudi tena. Mwisho nikasukuma kabati la vyombo likaziba pale, na madam akaniambia nikiona mgeni anasogea huko nimletee kahawa.

Halafu harufu. Nyumba nyingi kule hazina bomba la majitaka, kuna shimo chini ya ua na lori linakuja kulinyonya. Madam alikuwa mtu wa kungoja mpaka harufu ituingie chooni ndipo aite lori. Sasa ikawa kila wageni wakitarajiwa lori linaitwa asubuhi, na mimi nachemsha karafuu na maganda ya ndimu, namwaga kwenye kila tundu la maji. Baada ya hapo udi. Nazunguka na chetezo chumba hadi chumba, nafukiza mapazia, nafukiza mito, nafukiza chini ya makochi, moshi unanitoa machozi, na madam yuko nyuma yangu anasema yalla, na hapa, umesahau hapa. Sikuwa nimesahau. Alitaka tu kusema.

Lakini kilichonikata maini ni chumba.

Kando ya jiko kulikuwa na chumba kidogo cha khadama, ndivyo wanavyomwita mfanyakazi wa ndani. Chumba cha khadama, na khadama ndiye mimi, na sikuwahi kulala humo hata siku moja. Kilijaa masanduku na mikoba ya madam aliyoichoka. Mimi nililala juu darini, kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine na tangi la maji moto, kwenye godoro nililolikunja kila alfajiri. Sasa wanawake wa kule wakija kuona nyumba, chumba hicho hawakiachi. Wanataka kujua msichana wao atawekwa wapi. Kwa hiyo madam akanitoa jasho nikakihamisha kila kitu, nikasugua kuta, kisha akaleta kitanda, shuka ya maua, zulia la plastiki na kioo cha ukutani. Hata msala alinunua mpya akauweka juu ya mto ili ionekane hapo analala mtu mcha Mungu anayetunzwa.

Nikakitandika. Kilipendeza, siwezi kusema uongo. Nikamuuliza kama nianze kulala humo.

Aliniangalia kama niliyemtukana mama yake. "Utaikunjakunja shuka," akasema.

Wallahi nilitamani kumtia ile shuka kinywani. Nikasema hadhir, madam, ndiyo madam, nikapanda darini kwangu.

Wageni walikuja baada ya alasiri. Kule wanaume hutangulia. Wanaingia na dalali kwa mlango wao, na siku hiyo madam na mimi tunajifungia chumba cha juu, viatu vya kike vyote vimeondolewa ngazini, tusikike wala tusionekane. Wakipenda, siku nyingine wanaleta wanawake wao, na wao ndio wenye neno la mwisho, usidanganywe. Wanawake wakija mimi nasimama mlango wa jikoni na aproni safi, kahawa tayari, tende tayari, na amri moja: nisifungue mdomo.

Wakaja, wakaenda. Mmoja alisema jiko linapigwa na jua la jioni. Mwingine alitia mkono nyuma ya kabati langu, akagusa ukuta, akautoa mkono umeloa, akaondoka bila hata kuonja kahawa. Hasira zote zikanimwagikia mimi, ati udi haukutosha. Kama udi unakausha ukuta! Ramadhani ikaingia, nusu yake ikaisha, na dada Ijumaa akawa hata havuti pumzi tena. Alisema tu, "Haya," na kunipa mtoto.

Ndipo ikaja familia moja. Wanaume walipita, wakaridhika. Siku ya pili yake wakaja wanawake wao: mke wa yule mnunuzi, binti zao wawili, na mama mzazi wa mnunuzi mwenyewe, bibi mzee mwenye mkongojo. Wote wakizungumza Kiarabu cha Jeddah kama waliozaliwa nacho. Kwa kuwa ni mwezi wa kufunga kahawa haikuwapo; nikapokea mabaibui yao, nikarudi mlangoni kwangu kusimama kama kinyago.

Walipokwenda kupanda juu, bibi akakwama ngazini. Mkwewe na wajukuu walishatangulia na madam. Akashika ukuta, akapumua, akasema peke yake, kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa, "Ya Rabbi, ngazi hizi zitaniua miye."

Mimi sikujua wakati ule kwamba Jeddah kuna familia za Kizanzibari zilizokwenda tangu Mapinduzi. Lakini hata ningejua, yangekuwa yale yale. Wewe umelelewa Mombasa, mtu wa kumzaa mama yako anasema Kiswahili mbele yako, amechoka, halafu wewe ukae kimya? Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Shikamoo bibi. Pole. Nipe mkono."

"Marahaba mwanangu," akasema, akageuka kunitazama vizuri. "Kumbe wa kwetu wewe!"

Madam aliinama kutoka juu ya ngazi, macho yamemtoka. Lakini bibi alikuwa amenishika mkono na hakuuachia. Nikampandisha, nikamteremsha, nikamzungusha nyumba nzima. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa. Akasema alipita hapo na mamake akiwa msichana, akala mahamri ambayo hajayaona mfano wake tena. Alicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Muda mrefu nilikuwa sijacheka na mtu uso kwa uso.

Tulipofika chumba cha khadama alikaa kitandani kupumzika, akapapasa shuka. Madam alisimama mlangoni, haelewi neno, ananichekea kwa yale meno yake ninayoyajua.

"Hapa ndipo unapolala?" bibi akauliza.

"Ndipo, bibi."

"Na watu hawa wanakutendea vyema?"

"Alhamdulillahi."

"Umeridhika hapa? Niambie kweli, mimi ni mama yako."

Nilimwangalia. Nilijua nikisema sijaridhika, bibi huyu atageuka aseme kwa Kiarabu, madam ataumbuka, na wanunuzi wataondoka kama wale wengine, na mtoto wangu atapelekwa bara. Nikasema, "Nimeridhika sana, bibi. Nyumba hii ina baraka. Hewa nzuri, majirani watulivu, sina ninachokitamani." Nikamwonyesha dirisha linaloleta upepo. Nikamwambia choo cha chini kiko karibu, hatahangaika na ngazi. Nilikuwa dalali kuliko dalali. Mpaka wanaaga, bibi alikuwa ananiombea dua.

Jioni ile baada ya futari madam alinipakulia wali mwenyewe na kipande cha nyama chenye mnofu. Hakuwahi. Nilikula huku nahesabu moyoni nitakavyofunga sanduku.

Siku chache baadaye, baada ya futari, baba akaingia na habari. Wamenunua. Madam akapiga makofi ya furaha, akanikumbatia hata mimi, nami nikajilegeza nikumbatiwe. Nilimuuliza madam ruhusa yangu ya kutoka itakuwa tayari lini.

Akaniambia hakuna ruhusa. Yule mama mzee alikuwa amemwambia mwanawe kwamba nyumba ameipenda, lakini na yule msichana. Mchana kutwa wenziwe wako kazini na shuleni, yeye yuko peke yake, na lugha yake ya utotoni hana wa kusema naye. Bila msichana watafute nyumba nyingine. Basi baba amekubali. Nitahamishwa niwe chini ya kafili mpya. Baba alimaliza mambo hayo kwa simu, pale pale kwenye kochi, anakula tende. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na trei ya chai, na hakuinua kichwa kuniuliza.

"Una bahati," madam akasema. "Watu wazuri."

"Uliniambia nyumba ikiuzwa naenda kwetu."

"Na imeuzwa. Mimi na wewe halas. Zungumza nao."

Nikazungumza nao. Bibi alikuja na wajukuu zake kupima mapazia, nikamngoja akae, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia nina mtoto, nikamwambia habari za dada na harusi, nikamwomba amwambie mwanawe anitolee ruhusa. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Alihuzunika kweli. Alinishika mikono yote miwili. "Lakini mwanangu, si ulinambia umeridhika? Miye ndiyo maana nikaomba ubaki nasi."

"Nilimwogopa madam, bibi."

"Basi usimwogope tena. Kwangu utakaa kama mwana niliyemzaa. Na kwenu utakwenda, inshallah, tukishahamia, tukishatulia. Mwanangu kasaini mkataba mpya, miaka miwili si kitu, itapita tu." Akanifuta machozi kwa mtandio wake. Akaniuliza kama najua kupika mahamri.

Nilimchukia kuliko madam. Madam nilimjua ni adui, nikamkalia chonjo. Huyu alinifunga huku ananiita mwanangu, na mimi nikamwambia ahsante, bibi, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa kumjibu mtu mzima.

Ijumaa nikapewa simu. Nikapanda nayo darini, nikafunga mlango wa chumba cha kufulia. Nilikuwa nimejipanga jinsi ya kusema, neno kwa neno, nianze na lipi nimalize na lipi. Dada alipokea, na nyuma yake nikasikia wanawake wengi, ndio walikuwa wamekusanyika kushona nguo za harusi.

"Ishauzwa?" akauliza.

"Ishauzwa," nikasema, na kabla sijafika kwenye lakini akapiga kigelegele. Wenzake wakakipokea, nyumba nzima ikavuma. Nilimwita jina, hanisikii. Nikasikia mtoto wangu anauliza kuna nini, na mwanamke mmoja akamwambia, "Mama yako yuwaja."