Kinyozi Aliyeletewa Kipara

Siku ambayo muuguzi wa zahanati alimletea Mzee Mkasi mgeni, mzee alimpima yule mgeni kwa macho kuanzia viatuni, akapanda taratibu hadi kichwani, na alipofika huko akakwama. Mgeni alikuwa na kipara. Wala si kile kipara cha kusitasita, chenye vinywele viwili vitatu vya kutolea udhuru. Hiki kilikuwa kipara kilichokamilika, kinang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi.

"Binti yangu," mzee akamgeukia muuguzi, "yaani katika watu wote wa kijiji hiki, mimi kinyozi mzima unaniletea huyu?"

"Wengine umewafukuza, baba. Huyu ndiye aliyekubali," akajibu muuguzi, ambaye hakuwa mtu wa kupamba maneno, kisha akaenda zake.

Wakabaki wawili, mgeni mlangoni, mzee ameketi kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Haya, niambie. Na kichwa hicho, umekuja kufanya nini kwa kinyozi?"

"Nimekuja kukaa tu," akasema mgeni. "Nywele hazikualikwa."

Mzee Mkasi alitaka kucheka, akajikaza. Hakuwa tayari kumpa mtu kicheko siku ya kwanza. Akamwonyesha benchi kwa kidevu, maana mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia.

Mkono huo ndio uliokuwa mwanzo wa yote. Mzee Mkasi alifundishwa kunyoa na mjomba wake angali kijana, na tangu hapo hakujua kazi nyingine. Chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama barabara, ndicho kilikuwa duka lake: kioo kikubwa ukutani, kiti cha kuzunguka chenye ngozi iliyopasuka kwenye mikono, rafu ya makopo na burashi, ukanda wa kunolea wembe ukining'inia msumarini. Mkewe alikuwa akikaa kwenye benchi na kufuma, akichangia kila soga, na wateja wengine walikuja kwa ajili ya ulimi wake kuliko wembe wa mumewe. Mama wa watu alipofariki, wateja ndio waliomshikilia mzee asianguke, bila wao wenyewe kujua. Binti yao anakaa mji wa mbali, hupiga simu na kumsihi ahamie kwake, na mzee humjibu kwamba kiti hiki hakipiti kwenye mlango wa nyumba za siku hizi.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Muuguzi alimweleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, akampa vidonge, akamweleza na mengine, lakini mzee aliacha kusikiliza pale pale lilipotajwa neno ugonjwa. Akaendelea kunyoa. Siku moja alikuwa akimnyoa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwenye mashavu ya kutosha watu wawili. Alikuwa amemaliza shavu moja, akasimama kidogo kupumua, mkono ameuegemeza juu ya kiti, na mkono ukaanza mambo yake. Yule bwana akauona kwenye kioo. Akainuka, akajifuta povu kwa mkono wa shati, akasema amekumbuka kuna mtu anamsubiri, akavuka barabara na shavu moja tu limenyolewa, hadi kwa yule kinyozi mpya wa mashine ya umeme. Kijiji kizima kilicheka. Kilimcheka mwuza mbao na nusu ndevu zake, lakini mzee alisikia kwamba anachekwa yeye.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakumkata. Maishani mwake mwote hakuwahi kumtoa mtu damu ya maana. Basi akakigeuza kioo kikatazama ukuta, akakifunika kiti kwa shuka, akafunga mlango wa barabarani, akawa anapitia wa nyuma kama mtu anayewakwepa wadai. Watu waligonga mwanzoni, kisha wakaacha. Nyumba za huko ziko mbalimbali, kila moja na shamba lake, na mtu asipokuja kwako makusudi, hapiti kwa bahati. Mzee akawa anakaa siku nzima bila kusikia sauti yake mwenyewe, hata siku moja akamsalimia mbuzi wa jirani ili ahakikishe bado inafanya kazi.

Muuguzi ndiye aliyegundua. Alikuwa amekusanya watu wachache wa kujitolea, kila mmoja akapewa mtu anayeishi peke yake, awe anamtembelea kila wiki na kukaa naye. Basi, kukaa naye. Wa kwanza kwa Mzee Mkasi alikuwa mwalimu mstaafu, akaongea naye kwa sauti kubwa na polepole kana kwamba anafundisha watoto wa chekechea. Wa pili alikuwa mama mwenye huruma iliyopitiliza, aliyeshika ufagio kabla salamu hazijaisha na kusema, "Maskini, baba wa watu." Hilo neno maskini ndilo lililomtoa mlangoni.

Huyu wa tatu, Kipara, alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa amerudi kijijini si zamani, baada ya kufanya kazi ugenini miaka mingi, na kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa kijiji, karibu na kisima. Juma lililofuata alikuja amebeba gurudumu begani. Akaomba radhi kwamba kazi zimemzidi, akaketi kwenye benchi, akaanza kunyoosha rimu, anazungusha, anakaza spoki moja, analegeza nyingine, hamtazami mzee hata kidogo. Mzee Mkasi akawa analifuata gurudumu kwa macho. Kisha akashindwa.

"Limepinda pale."

"Wapi?"

"Pale. Lipitishe tena. Pale! Wewe fundi gani?"

"Fundi mwenye msaidizi mwenye macho," akasema Kipara.

Wakaendelea hivyo, wiki baada ya wiki. Siku nyingine gurudumu, siku nyingine tyubu ya kuzibwa pancha, siku nyingine mnyororo uliojaa uchafu ambao ulimfanya mzee alalamike kuhusu sakafu yake mpaka akachangamka. Alijikuta anaweka maji ya chai jikoni kabla mgeni hajafika. Alijikuta anahifadhi habari: hili nitamwambia Kipara. Alikuwa bado anaukalia mkono wake, na Kipara alikuwa bado haulizi.

Kisha ndevu zikaanza.

Mwanzoni mzee alidhani ni uvivu. Wiki iliyofuata akadhani kuna msiba, akauliza kwa adabu, akaambiwa wote ni wazima. Ndevu zikazidi. Zilikuwa ndevu mbaya, hilo ni lazima lisemwe. Zimeota kwa mafungu, huku nyingi huku hakuna, na Kipara alikuwa akijikuna mashavu kwa funguo ya spoki.

"Naona nywele zimechoka kukaa juu, zimehamia bondeni," mzee akamtania.

"Mke wangu anasema amelala na ufagio."

"Mama ana haki zake. Si uende kwa yule wa mashine akusaidie?"

"Siendi. Nina kinyozi wangu."

"Nani?"

Kipara akaendelea kuzungusha gurudumu. "Nakaa naye hapa."

Gurudumu likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama. Mzee Mkasi akauchomoa mkono chini ya paja lake, akaunyoosha mbele ya uso wa mwenzake, unatetemeka kama jani.

"Unauona? Umeridhika sasa? Ndiyo maana umekuja kukaa hapa wiki zote hizi, unicheke? Kinyozi wako amekufa. Toka!"

Kipara akachukua gurudumu lake. Akatoka.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Hasira ya mzee ilimshika siku ya kwanza, siku ya pili ikawa inamshika kwa kujilazimisha, baada ya hapo ikaisha kabisa akabaki na nyumba. Alitambua, na hakuwa na wa kumdanganya, kwamba alikuwa amemfukuza rafiki. Si mjitolea wa zahanati. Rafiki. Mtu aliyevumilia kuwashwa uso mzima kwa ajili yake, na yeye akamwambia toka.

Siku ya Kipara ilipofika, mzee aliweka maji ya chai jikoni, akajiambia ni ya kwake mwenyewe. Saa za kawaida zikapita. Akaenda kuchungulia kwenye ufa wa mlango wa barabarani, akarudi. Akaenda tena. Barabara ilikuwa tupu. Akasimama katikati ya chumba hajui aiweke wapi mikono yake, na macho yakaangukia ule ukanda wa kunolea, bado uko msumarini. Akafungua droo. Wembe ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa alichofuma marehemu. Mkono ulitetemeka ukiushika, ulitetemeka ukiunyanyua, na mzee akakaribia kuurudisha. Akapiga moyo konde, akaulaza kwenye ukanda, akavuta.

Mkono ukatulia.

Akasimama. Ukatetemeka. Akavuta tena, juu chini, juu chini, na mkono ukaenda ulivyokuwa ukienda tangu enzi za mjomba. Hapo ndipo alipokumbuka yale maneno mengine ya muuguzi, yale aliyoyaacha yapite: kwamba mkono wa namna hii husumbua zaidi ukikaa bure. Na yeye alikuwa ameuweka bure. Aliukalia mwaka mzima, anaulaza njaa, halafu analalamika kwamba unalia. Mzee Mkasi akaangua kicheko peke yake, cha sauti, hadi machozi yakamtoka.

"Unacheka na nani?"

Kipara alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, jasho linamtiririka mpaka kwenye zile ndevu za aibu, anasukuma baiskeli.

"Umechelewa," mzee akasema.

"Pancha."

"Fundi baiskeli!"

"Usimwambie mtu."

"Si nilikuambia utoke?"

"Nikatoka. Hukuniambia nisirudi."

Mzee akaenda kwenye kiti, akalivuta shuka, vumbi likaruka. Akakigeuza kioo. Kipara akaelewa bila kuambiwa, akaketi, akaegemea, akatoa shingo yake yote, na akafumba macho. Mzee alikuwa amesahau jambo hilo linavyokuwa. Hakuna anayefumba macho mbele ya mwenye wembe asipomwamini.

Akampaka povu. Akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, wembe ukagusa, na mkono ukajua kazi yake. Shavu la kwanza likatoka laini kama la mtoto. Mzee akasuuza wembe, akasimama kupumua, akauegemeza mkono juu ya kiti kama alivyozoea. Mkono ukaanza. Kiti nacho kikatikisika kidogo, na Kipara akafumbua macho.

Akauona kwenye kioo. Mzee naye akamwona akiuona. Shavu moja limenyolewa, la pili bado, vilevile kabisa kama siku ile, na mzee akasubiri kusikia kwamba kuna mtu mahali anamsubiri huyu bwana.

"Mzee wangu," akasema Kipara, "umebakiza upande."

Na akafumba macho tena.

Mzee Mkasi akakishika kile kipara kwa viganja viwili ili akigeuze, na nyuma ya sikio vidole vyake vikakutana na kinundu kidogo kigumu. Akakigusa tena. Vinyozi husahau majina na nyuso, vichwa hawasahau.

"Wewe," akasema polepole. "Mimi nilikunyoa wewe. Kichwa hiki nakijua. Siku ya harusi yako!"

"Nilikuwa na nywele wakati huo."

"Nyingi! Na ulitetemeka, bwana, ulitetemeka mpaka kiti kikawa kinalia. Nikashindwa hata kukugusa."

"Ukaweka wembe chini," Kipara akasema, macho bado yamefumbwa. "Marehemu mama akaniletea chai, wewe ukanisimulia habari za harusi yenu, na watu wamejaa mlangoni wanapiga kelele nimechelewa. Hukunicheka. Ulinisubiri mpaka nikatulia. Muuguzi alipotaja jina lako, mzee wangu, sikuacha mwingine anyooshe mkono."

Mzee akamaliza shavu la pili bila kusema neno, kwa sababu angesema angelia, na wembe hautaki machozi. Alipanguza uso wa mwenzake kwa taulo yenye maji ya moto, akausafisha masikioni na chini ya kidevu, taratibu kuliko ilivyohitajika. Mioyoni mwa watu wazima shukrani huwa nzito kutoka, lakini hii ilitoka.

"Asante," akasema. "Asante sana, mwanangu. Umenirudishia mkono wangu."

Kipara akajipapasa mashavu, akajitazama kwenye kioo huku na huku, akaridhika. Kisha uso ukaingiwa na mashaka kidogo.

"Sasa tatizo moja. Ndevu zangu unaziona zinavyojivuta. Wiki ijayo sitakuwa na kitu cha kunyoa."

Mzee Mkasi alikwenda kwenye mlango wa barabarani, akaondoa komeo, akaufungua wote, mwanga ukaingia mpaka kwenye benchi.

"Wewe njoo," akasema. "Ndevu hazikualikwa."